Wufa Mpya Haihitaji Kubembelezwa

Wiki jana msomaji wa Kayole alinitumia ujumbe saa tano usiku. Amenunua wufa ya gari, ile spika kubwa ya besi, ya inchi 12, fundi kamwonya asipandishe sauti wiki tatu mpaka "izoee", na Jumamosi ana harusi ya dadake. "Kaka, nifanyeje?" Nilicheka, halafu nikakasirika. Maneno hayo niliwahi kuambiwa mimi.

Yangu niliinunua Luthuli Avenue kwa pesa za chama, zamu yangu ilipofika. Muuzaji akaniambia, "Boss, hii ni kama injini mpya. Iende polepole." Nikatii kama mtoto wa madrasa. Wiki tatu nzima, Kasarani hadi mjini na kurudi, wufa inanong'ona huko kwenye buti huku matatu za Githurai zikinipita na kutikisa vioo vyangu. Siku ya 22 nikafungua sauti. Sijafika hata Allsops, harufu ya kuungua ikanijaa puani. Nikalaumu lori lililokuwa mbele. Kumbe ni koili, ule waya uliozungushwa ndani ya wufa unaosukuma koni.

Niliporudi dukani, yule bwana aliinusa, akanisukumia juu ya kaunta: "Hukuizoesha vizuri." Pesa nimeshasahau. Sentensi hiyo bado.

Nimesoma mengi tangu siku hiyo, kwa hasira zaidi ya hamu. Ni kweli wufa mpya huwa ngumu kidogo. Ukingo wa koni na kile kitambaa chenye mikunjo kilicho nyuma yake hulegea zikianza kucheza, na mlio wake wa asili hushuka hezi chache. Lakini hilo hutokea kwa kupiga muziki wa kawaida tu. Tena ndani ya boksi lililozibwa, hewa iliyofungiwa humo ndiyo springi kubwa, kwa hiyo mabadiliko hayo hata sikio lako halitayashika. (Anayesema besi yake "imeiva" baada ya mwezi, mara nyingi ni masikio yake yaliyozoea.)

Iliyoniua ni geini, kile kitufe cha amplifaya (mashine inayoipa wufa nguvu) kinachopanga ishara ya redio ikuzwe kiasi gani. Fundi aliizungusha hadi mwisho, na mimi nikaweka besi busti, swichi ya kuongeza besi, juu yake. Amplifaya ikiombwa nguvu isiyokuwa nayo, hukata vichwa vya mawimbi, na wimbi lililokatwa kabisa linaweza kuimwagia koili nguvu maradufu. Wiki tatu za upole zisingeniokoa. Zilichelewesha msiba tu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, acha kubembeleza chuma. Nunua multimita, kile kipimo cha umeme. Chomoa wufa, zima besi busti, weka redio robo tatu ya sauti, piga mlio wa hezi 50, upime volti kwenye matokeo ya amplifaya. Zidisha wati za amplifaya kwa omu za wufa, utafute kipeuo cha pili: wati 300 kwa omu 4 ni kama volti 34.6. Pandisha geini ifike hapo, usiiguse tena. Na wati ninazosema ni zile za RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo, si zile kubwa zilizopigwa chapa kwenye katoni. Vijana tunapenda namba kubwa, ndiyo maana tunaliwa.

Harusini piga muziki wako. Ukisikia sauti inakwaruza, shusha hapo hapo, hata kama shangazi zako wanapiga kelele uongeze.