Maswali ya bustani: haibiskasi, rozela na mbegu za kwenye picha

Meseji za mwezi huu ni haibiskasi mtupu (rozela ya juisi nayo ni haibiskasi), na nusu yake zinauliza jambo lilelile. Naanza na hilo, na naomba lisirudi.

Shikamoo. Nimepanda rozela mara tatu kwenye viriba, namwagilia asubuhi na jioni, haioti. Nimeuziwa mbegu mbovu? (Makorora)

Marahaba. Kabla hujamlaumu muuzaji, fukua mbegu mbili tatu uzitazame. Ikiwa ingali ngumu vilevile, maji hayajapenya ganda. Ikiwa laini, ukiibonyeza inatoa ute na kunuka, basi imeoza, na iliyoiozesha ni hiyo asubuhi na jioni yako.

Ukoo huu wote wa haibiskasi, na bamia imo, una mbegu za ganda gumu. Itazame mbegu: ina umbo la figo. Penye kibonyeo usiguse. Geuza mgongo wake, usugue kwenye msasa laini mara chache mpaka uone doa jeupe, kisha acha. Ukizidisha unajeruhi kiini. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu tangu magharibi mpaka asubuhi. Zilizovimba panda siku hiyohiyo, kina cha sentimita moja. Zilizozama bila kuvimba zirudishe kwenye msasa. Zinazoelea mpaka asubuhi, tupa. Rozela iliyotayarishwa hivi huchomoza ndani ya wiki moja. Maji yanayochemka hapana, hata kama kakuambia nani. Hayo yanapika mbegu.

Udongo wa kiriba: sehemu mbili udongo wa juu, moja mchanga wa mtoni, moja samadi iliyoiva. Mchanga wa mtoni, si wa ufukweni. Wanaotumia vumbi la makumbi ya nazi wamefanya vizuri, ila makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi. Yaoshe kwa maji yasiyo na chumvi mara tatu, na maji ya mwisho yaonje kwa ncha ya ulimi. Ukisikia chumvi, rudia. Kumwagilia: tia kidole mpaka kiungo cha kwanza, kikitoka na unyevu, weka jagi chini.

Binamu kaniletea mbegu za Marekani, maua upana wa sahani. Zimeota, majani yamejaa, huu mwaka wa pili sijaona ua hata moja. Nitie mbolea gani? (Raskazone)

Usitie. Hiyo ni Hibiscus moscheutos, mmea wa maeneo ya majimaji ya mashariki mwa Marekani. Sifa yake ni uvumilivu wa baridi: mashina hufa mpaka ardhini, mizizi ikabaki hai chini ya theluji, kisha huchipua upya. Sasa theluji ya Raskazone iko wapi?

Na tatizo lako si joto, ni urefu wa mchana. Mmea huu hautoi maua mpaka upate mwanga wa saa kama 14 kwa siku. Tanga tuko nyuzi 5 kusini mwa ikweta; mchana wetu mrefu kuliko yote, wa Desemba, haufiki saa 12 na nusu. Urea utakayoimwaga itakuzidishia majani tu. Ukitaka kushindana nao, uuwashie taa kila jioni mpaka saa nne usiku, wiki baada ya wiki. Yuniti za LUKU ni zako.

Hujauliza, lakini nasema: mbegu za kutoka nje zinataka kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, na wanaosimamia ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Begi la binamu si kibali. Ugonjwa unaopanda kwenye haibiskasi ya kigeni hauna shida kuhamia kwenye bamia ya jirani.

Linaloniudhi ni kwamba pwani hii, yetu na ya Kenya, ndiyo asili ya Hibiscus schizopetalus, ile nyekundu inayoning'inia, petali zimechanikachanika na kujikunja kwa nyuma. Wageni wanaipanda kwao ndani ya vyumba vya vioo. Sisi tunaagiza sahani.

Mbegu za haibiskasi ya bluu zinazouzwa kwenye simu ni za kweli? (Mabawa)

Bluu ya wino ni picha iliyopakwa rangi. Ipo ya zambarau inayokaribia bluu, Hibiscus syriacus, ua la taifa la Korea Kusini, nayo pia imezoea nchi za baridi. Kaa na pesa yako.

Nangoja mbegu kwenye haibiskasi nyekundu ya uzio tangu mwaka jana, maua yanadondoka tu. (Bagamoyo)

Na yatadondoka. Hizo za uzio zimechanganywa mno, nyingi hazishiki mbegu, na ikishika mtoto hafanani na mama. Kata tawi unene wa penseli, sentimita 15, chini kidogo ya kifundo. Acha majani mawili ya juu, uyapunguze nusu. Chomeka theluthi yake kwenye mchanga wa mtoni uliolowa, kivulini, na ufunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Wiki sita, mizizi ipo. Usilivute kila siku kuangalia.

Rozela niliyopanda Mei imetoa maua ikiwa magotini. Na vikombe ni vigumu, juisi haina ladha. (Pongwe)

Rozela ni kinyume cha ile ya Raskazone: siku zikifupika ndipo inachanua. Ukiipanda Mei, siku fupi za Juni zinaikuta ingali mtoto. Panda na mvua za kwanza za masika, mwezi Machi, mita moja kati ya mche na mche, na ukate ncha ikifika sentimita 30 ili itoe matawi.

Ugumu ni uchelewaji. Ua hukaa siku moja. Likidondoka, kikombe kilicholishika huanza kunenepa, na siku ya kumi hivi kinavunjika kwa vidole. Hapo ndipo pa kuvuna. Ukingoja tunda la ndani likauke na kupasuka umepata mbegu, hujapata juisi. Kwa hiyo tenga miche miwili iliyo bora uiachie ikauke, ndiyo mbegu yako ya mwakani. Vikombe anika kivulini penye upepo, si juu ya bati. Kilo 10 mbichi hukupa kama kilo moja kavu. Usichemshie kwenye sufuria ya alumini, asidi yake inailamba. Na anayemeza vidonge vya presha amwambie daktari kama anakunywa rozela kila siku, maana nayo inashusha.

Majani machanga ni ya njano, mishipa ya kijani. (Sahare)

Mmea unakosa chuma. Udongo wa mawe ya matumbawe una chokaa nyingi inayokifunga. Ongeza mboji, na acha kumwaga majivu, yanazidisha.

Kuna pamba nyeupe kwenye vifundo na sisimizi wengi. (Ngamiani)

Hao ni wadudu, vidung'ata. Sisimizi ndio wachungaji wao, wanakula utamu wanaoutoa, kwa hiyo shughulikia wote. Vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji kwa lita moja, nyunyiza jioni mpaka chini ya majani, rudia baada ya siku tano. Matawi yaliyojikunja kata uchome. Ukiona na wadudu wekundu wenye madoa meusi juu ya matunda yanayokauka, hao ni kangambili, wananyonya mbegu. Wakung'utie kwenye ndoo ya maji ya sabuni asubuhi na mapema kabla jua halijawachangamsha, na msimu ujao usipande rozela palipokuwa na bamia.