Bibi Nesi Anajibu: Pete iliyokatwa na msumeno, maziwa bila mtoto, na habari za mumiani

Mwangaluka wote. Sijui mwezi huu mmeambizana nini maana karibu nusu ya meseji zenu ni za homoni, simu inalia hapa Nyegezi mpaka mjukuu wangu kaizima sauti. Nimechukua nne. Yule baba wa Sengerema aliyeniandikia saa tisa usiku, tulia baba, yako nimeiona nitakupigia.

Shikamoo Bibi Nesi. Kaka yangu ana miaka 38, anashona nyavu pale Mwaloni Kirumba. Kama miaka mitano hivi mikono yake imekuwa minene, pete ya ndoa ilibidi ikakatwe kwa fundi na msumeno, viatu alikuwa anavaa 42 sasa anatafuta 45 na mtumbani hapati. Anakoroma mpaka wifi kahamia chumba cha watoto. Juzi kapimwa akakutwa na sukari na presha. Majirani wanasema ni masharti ya utajiri, mara freemason. Mbona utajiri wenyewe hatuuoni? (Mdogo mtu, Kirumba)

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye utajiri umenichekesha mpaka chai ikanipalia, ila hayo mengine sijacheka, nimeyasoma mara mbili. Kiatu kutoka 42 hadi 45 kwa mtu wa miaka 38 siyo kunenepa huko. Mtu akinenepa tumbo ndo linatangulia, mguu hauongezeki namba tatu.

Kuna tezi inaitwa pituitari, imejificha chini ya ubongo nyuma ya pua, ndogo kama punje ya njegere. Hiyo ndo inatoa homoni ya ukuaji. Ikiota uvimbe, na mara nyingi sana siyo kansa kwa hiyo hofu hiyo iwekeni pembeni, homoni inamwagika kupita kiasi. Kwa mtoto ambaye mifupa bado inarefuka anakuwa mrefu mno, ndo yale ya Sultan Kösen wa Uturuki mwenye sentimita 251. Mtu mzima mifupa yake hairefuki tena, basi inatanuka: mikono, nyayo, taya la chini linasogea mbele, meno yanaachana, ulimi unakuwa mkubwa na kukoroma kunaanzia hapo. Halafu homoni hiyo inaizuia insulini, ile inayoshusha sukari, isifanye kazi vizuri, sukari inapanda. Ugonjwa huu unaitwa akromegali, jina aliupa daktari Mfaransa Pierre Marie mwaka 1886, kwa hiyo hao freemason wa Kirumba wamechelewa sana.

Sasa niwaambie aibu yangu. Zamani nilikuwa kliniki ya sukari, hospitali siitaji, kulikuwa na mama mmoja anauza dagaa, nilimpima presha kila mwezi karibu miaka miwili. Kila akija naushika ule mkono kumfunga kitambaa cha mashine, mkono mzito, vidole kama ndizi, na mimi najisemea kazi ngumu hii jamani. Siku moja akaja na kitambulisho chake cha zamani turekebishe jina kwenye kadi. Nikaangalia picha, nikamwangalia yeye, nikamwambia mama umeleta cha mdogo wako. Akasema hapana, ni changu. Ndo nikakimbia kumwita daktari. Miaka miwili nilikuwa napima sukari na presha, mtu mwenyewe sijamtazama.

Kwa hiyo kaka yako asiende mikono mitupu. Abebe picha, ya harusi, ya leseni, ya kipaimara kama ipo, azipange kwa miaka amwekee daktari mezani, madaktari wa homoni wenyewe huziomba maana mabadiliko yanakuja taratibu na mnaoishi naye nyumba moja hamuwezi kuyaona. Aseme pia kama vidole vinakufa ganzi usiku. Mshona nyavu ataisingizia sindano ya nyavu na uzi, kumbe mshipa wa fahamu unabanwa pale kwenye kifundo cha mkono. Na mumuulize macho: anagonga watu wa pembeni? Bodaboda zinamtokea ghafla? Mishipa ya macho inapita juu kidogo tu ya hiyo tezi, uvimbe ukipanda unaibana na mtu anapoteza kuona pembeni, mbele anaona vizuri tu.

Kipimo cha kuanzia ni cha damu kinaitwa IGF-1, hiyo mwili unaitengeneza kwa amri ya homoni ya ukuaji. Msikubali iishie kupima homoni ya ukuaji mara moja tu, ile inapanda na kushuka kutwa nzima kama bei ya sato. IGF-1 ikiwa juu wanamnywesha glukosi gramu 75 kwenye maji, afu wanachukua damu mara kadhaa ndani ya masaa mawili. Kwa mtu asiye na shida homoni inashuka, kwa mwenye akromegali inagoma kushuka. Baada ya hapo ndo MRI, ile mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa. Matibabu mara nyingi ni upasuaji unaopitia puani, hawapasui fuvu, na wengine wanaongezewa sindano ya okitreotidi, ya kuizuia hiyo homoni, kila baada ya wiki nne. Nisikudanganye, mifupa iliyotanuka haitarudi, ila nyama zinapungua, jasho linapungua, na sukari mara nyingi inashuka. Anzieni hospitali ya wilaya muombe rufaa ya Bugando. Na dawa za sukari na presha alizopewa asiziache wakati mnasubiri.

Bibi shikamoo. Nina miaka 27 niko Igoma, sijawahi kuzaa. Nikibonyeza matiti yanatoa maziwa, na hedhi sijaiona miezi saba. Wifi yangu anasema nimechezewa. Nimepima homoni ya prolaktini imesoma 96. Mmoja kaniambia ninunue dawa ya kabagolini, mwingine kasema bromokriptini ndo bei rahisi. Nichukue ipi?

Marahaba mjukuu wangu. 96 nini?

Sikutanii. Karatasi yako pembeni ya hiyo namba kuna herufi ndogo, zisome. Kama ni nanogramu kwa mililita, 96 iko juu sana, maana kwa mwanamke asiye mjamzito wala hanyonyeshi kawaida inaishia kama 25 hivi. Kama ni zile za mIU kwa lita, 96 haina tatizo lolote, mle kawaida inafika mia nne mia tano, na hapo itabidi tutafute sababu nyingine. Namba moja, maana mbili tofauti kabisa, na nimeona watu wamenunua dawa za miezi sita bila mtu kuangalia herufi.

Prolaktini ndo homoni ya maziwa, inatoka kwenye tezi ileile ya kaka wa Kirumba. Ikipanda inafunga hedhi. Lakini haipandi kwa uvimbe peke yake, kwa hiyo kabla ya dawa jibu haya: umepima mimba? Najua utasema haiwezekani, pima tu. Tezi ya shingo, thairoidi, imepimwa? Ikilegea inapandisha prolaktini. Afu unameza nini? Dawa za kuzuia kutapika na za tumbo kama metoklopramidi na domperidoni, dawa za akili kama haloperidoli na risperidoni, zote zinaipandisha. Kama ni hizo za akili usiziache mwenyewe, ongea na aliyekuandikia. Na acha kubonyeza matiti kila siku kuangalia kama bado yanatoka, kule kubonyeza nako kunaita maziwa.

Wakishakuta kweli ni uvimbe wa tezi wanaoutibu kwa dawa, ndo tunafika kwenye swali lako, maana kabagolini na bromokriptini zote ni za kushusha prolaktini. Lilishawekwa kwenye mizani. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya utafiti wa wanawake 459 wenye shida kama yako, hedhi imefungwa na prolaktini iko juu, wakagawanywa kwa kura huku kabagolini kule bromokriptini, na wiki nane za mwanzo si mgonjwa si daktari aliyejua nani anameza ipi. Waliopewa kabagolini, asilimia 83 homoni ilirudi kawaida ikatulia. Bromokriptini, asilimia 59. Walioshindwa kuvumilia madhara wakaacha ni 3 katika mia kwa kabagolini na 12 kwa bromokriptini. Kwa hiyo ukiweza, kabagolini, tena unameza mara moja au mbili kwa wiki tu. Ila kama bei inakushinda usikae bila dawa eti unasubiri iliyo bora, 59 ni zaidi ya nusu. Zote zinaleta kichefuchefu na kizunguzungu mwanzoni, meza na chakula, usiku.

Na hili wengi hawaambiwi: yai linatoka kabla ya hedhi. Ukianza dawa unaweza kushika mimba kabla hujaona damu hata mara moja. Kama hutaki mtoto sasa, jipange mapema. Kama unamtaka, mwambie daktari kabla hujaanza, siyo baada.

Wifi msalimie.

Bibi Nesi, mimi nina sukari miaka sita, niko Kisesa. Kliniki wamekuja watu wa utafiti wanataka nijiunge, kuna dawa wanaijaribu na watatoa damu kila baada ya miezi mitatu. Mume wangu kasema katu, hao ni mumiani wa kisasa, watatufanya panya. Mimi natamani lakini naogopa. Nifanyeje?

Mama wa Kisesa, mumiani mimi nimeogopeshwa naye tangu niko mdogo, giza likiingia tu tunarudishwa ndani, kwa hiyo simcheki mumeo. Ila tupime hiyo damu. Kwenye utafiti kama huo mara nyingi wanachukua kama vijiko viwili vitatu vya chai kwa mara moja. Ukienda Damu Salama unatoa mililita 450 kwa mkupuo, unapewa soda, unarudi nyumbani kwa miguu. Mumiani wa vijiko viwili angekufa njaa.

Hiyo insulini tunayoisifia ilipita hukohuko. Toronto kule Kanada, Januari 1922, kijana wa miaka 14 anaitwa Leonard Thompson alikuwa anakufa kwa sukari. Tarehe 11 madaktari wakamdunga dawa ya kongosho la ng'ombe, ikawa chafu, ikamletea mzio na haikusaidia sana. Hawakulazimisha. Wakasimama, kemia wao akaenda kuisafisha, tarehe 23 wakamdunga tena na sukari ikashuka. Akaishi miaka 13 zaidi. Na hiyo metformini ambayo nina uhakika iko kwenye begi lako, Uingereza kuanzia 1977 waliandikisha wagonjwa wa sukari 5,102 wakawafuatilia miaka na miaka, matokeo yakatoka 1998, ndo ikajulikana kwa wanene inapunguza hata vifo. Wale 5,102 nao walikuwa na waume na wake nyumbani wanaoguna.

Wala siyo mambo ya Wazungu kwao huko. Vijiji vya Mwanza hii hii vilishiriki ule utafiti wa magonjwa ya zinaa ambao majibu yake yalitoka 1995, pale walipoboresha matibabu maambukizi mapya ya VVU yalipungua kama asilimia 40. Dunia nzima ikasoma habari za Mwanza.

Sasa hayo yote hayamaanishi usaini leo. Utafiti wa dawa hapa nchini lazima uwe na kibali cha maadili, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ndo wanaohusika, na TMDA, mamlaka ya dawa, waukubali, waombe wakuonyeshe barua, mtafiti wa kweli hakasiriki. Fomu iwe ya Kiswahili na nakala moja ubaki nayo nyumbani. Kuna wanaosoma fomu mbio kama dalali wa mnada, mrudishe nyuma, mwambie mwanangu anza upya. Muulize kama kuna kundi la plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani, na kama ukiangukia huko dawa zako za kawaida zinaendelea, maana wewe una sukari na huwezi kukaa bila dawa eti kwa ajili ya sayansi. Nikipata madhara saa nane usiku nampigia nani na nani analipa? Damu itapelekwa wapi? Nauli ya Kisesa mjini kila safari? Utafiti ukiisha na dawa imenifaa, naipata wapi? Hili la mwisho ndo wengi wanajiumauma, sikiliza wanavyolijibu. Na ujue unaweza kutoka siku yoyote, bila kueleza sababu, na kliniki yako ikaendelea kama kawaida. Atakayekutishia hapo basi hapo hakuna utafiti, ondoka.

Mpeleke na mumeo siku ya kusomewa fomu. Akae mstari wa mbele aulize ya mumiani mwenyewe.

Bibi, mdogo wangu anakunywa vidonge vya kunenepa vya kuuziwa kwenye karatasi. Uso umejaa kama mwezi, tumbo limekuja, miguu myembamba, tumboni ana mistari ya zambarau. Nimemwambia aache leo leo.

Hapana, hapo simama kwanza. Mengi ya hayo madude ndani yake ni deksamethasoni, inafanana kazi na homoni ya mwili inaitwa kortisoli, na uso huo wa mwezi ndo alama yake. Ikiingia kwa wingi kila siku pituitari inaona kazi inafanyika, inalala, na tezi za juu ya figo, ndo zinazotoa kortisoli, nazo zinalala. Ukikata ghafla mwili unakuwa hauna kortisoli kabisa: kutapika, presha kushuka, kuzimia, na watu wanakufa. Inatakiwa ipunguzwe kidogo kidogo na daktari, na inaweza kuchukua miezi. Kama keshaacha na anatapika au amelegea, hiyo siyo ya kesho, ni hospitali sasa hivi na muwaambie neno hilo, deksamethasoni.

Ile karatasi iliyobaki na vidonge aende navyo. Kama alishatupa, muuzaji anajua alichouza, mkamuulize, muende wawili.