Jibu: Dagaa wa Mwanza kwenda Dar, anzia kwenye vichanja

Ndugu, umeuliza utanunuaje dagaa Mwanza na kuwauza Dar upate faida, bila kuwanyonya akina mama wanaoanika wala kumaliza samaki ziwani. Mimi ningeanzia kwenye mchanga.

Dagaa wengi bado wanaanikwa chini. Wakikauka wanazolewa na mchanga wao, na mzigo wa hivyo mara nyingi huishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Kichanja cha miti na wavu kinabadilisha hesabu: hewa inapita juu na chini, dagaa wanabaki wasafi, wanang'aa, na mnunuzi wa Kariakoo akiwashika haleti maneno mengi. Kwa hiyo kopesha vichanja, ukate deni kidogo kidogo kwenye malipo ya mzigo. Ila mkopo usiwe kamba ya kumfunga mama akuuzie wewe peke yako. Hapo utakuwa dalali tu mwenye lugha tamu.

Halafu wavuvi hutoka usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, mialo, yaani fukwe wanakoshushia samaki, inalala. Ukiwaahidi wateja kiasi kilekile kila wiki, utajikuta unapokea hata dagaa wachanga wa nyavu haramu ili ujaze gari.

Masika ndiyo mtihani wenyewe. Mvua ikipiga siku mbili mfululizo mzigo unaoza, na hasara inambakia mama aliyekwisha kuwalipa wavuvi. Nunua maturubai, na mwandikiane mapema nani anabeba sehemu gani ya hasara.