Mwanangu kalazwa kwa nimonia, sasa anaharisha

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu ana miezi 9, tumelazwa wodi ya watoto kwa nimonia, kifua kinaendelea vizuri ila jana, siku ya tatu, kaanza kutapika halafu anaharisha majimaji, na mtoto wa kitanda cha pili nae hivyohivyo. Mama mkwe anasema ni meno. Niombe aongezewe antibayotiki? – Mama Junior, Mbagala

JIBU: Marahaba Mama Junior, pole sana mdogo wangu. Meno hayaharishi mtoto hivyo. Dawa anazochomwa za nimonia kweli zinaweza kulegeza tumbo, lakini watoto wawili jirani kuanza pamoja tena siku ya tatu, mi nawaza virusi alivyovipata humohumo wodini, hasa rota, maana rota ikishaingia inachukua kama siku 2 ndo dalili zitoke, na noro, kirusi kingine cha kuharisha na kutapika, ni saa 12 mpaka 48. Antibayotiki haiui virusi kwa hiyo usiombe nyingine, ila za nimonia usikatishe.

Mwambie nesi leo hii, usisubiri raundi ya daktari, ili nyie wawili mtengwe na wengine. Virusi hivi vinatoka kwenye choo cha mtoto kwa wingi mno na vinakaa siku kadhaa kwenye reli za kitanda, midoli, vikombe, na wanaovisambaza zaidi ni sisi watu wazima kwa mikono yetu, unabadilisha pampasi ya wako halafu unambembeleza wa mwenzio mama yake kaenda kuoga, roho nzuri kabisa lakini ndo vinavyohama hivyo. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kila ukibadilisha pampasi na kabla ya kumlisha, sanitaiza peke yake haitoshi maana noro inaistahimili.

Endelea kunyonyesha, mpe ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, kidogokidogo kwa kijiko, akitapika subiri dakika 10 uanze tena taratibu. Ulizia na zinki, kwa umri wake ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Akilegea, macho yakizama, akashindwa kunywa, hakojoi au choo kina damu, mwite nesi hapohapo hata usiku wa manane, usione aibu.

Halafu angalia kadi ya kliniki kama alipata matone ya rota wiki ya 6 na ya 10. Chanjo haimzuii kabisa asiugue, ila inapunguza sana ukali wake. Ukirudi nyumbani endelea kunawa hivyohivyo, virusi vinaendelea kutoka chooni siku kadhaa baada ya kupona.