Jibu: Kuhamia kijijini Ohio na watoto, inafaa?

Dada, umeuliza kama kijiji cha Ohio, Marekani, kinafaa kulea watoto wadogo. Nakujibu kwa ninachokijua, kijiji cha Yellow Springs, mashariki mwa jiji la Dayton. Kwanza, usifikirie kijiji cha kwetu cha mashamba na visima. Ohio, mji wenye watu chini ya 5,000 kisheria huitwa kijiji, na hapa hatufiki hata 4,000. Lami ipo, maktaba ipo, shule ipo.

Raha yake ni kwamba mtoto anaweza kutembea. Wangu huenda maktaba kwa miguu, na baiskeli wanaendesha kwenye njia ya Little Miami iliyojengwa palipokuwa na reli, bila gari kuwapita. Jumamosi tunashuka msitu wa Glen Helen hadi kwenye chemchemi iliyokipa kijiji jina, yaani Chemchemi za Njano. Maji yake yana chuma, yamepaka mawe rangi ya kutu, na mtoto wangu wa mwisho lazima achovye kidole aangalie kama kimegeuka njano.

Sasa magumu. Nyumba ni ghali mno kwa mji mdogo hivi, tafuteni mapema. Bila gari mtateseka, maana kazi nyingi na maduka makubwa yako Dayton au Springfield. Unga wa ugali mimi hununua wa mwezi mzima. Na Januari, dada, giza huingia mapema jioni, baridi inauma masikio. Wanunulieni watoto mabuti mazuri kabla ya Novemba.