Taa ya projekta hakuiua mkeo

Msomaji wa Mwanakwerekwe ananiandikia, nami nafupisha. Ana mke na mtoto wa miezi minne. Miaka miwili iliyopita alinunua projekta, na anatazama filamu "Ijumaa na Jumamosi tu". Wiki iliyopita mkewe alichomoa plagi ukutani, taa ikafa, wakagombana, mke akapanda boti kwenda kwao Wete, Pemba. Anasema: "Mke wangu hapendi filamu, ana wivu na mashine. Taa ilikuwa nzima kabisa, imewaka saa 3,912 tu. Nimdai taa?"

Pole, mwanangu, kwa nyumba kupoa. Sasa tuhesabu.

Miaka miwili ni wiki 104. Ijumaa na Jumamosi zake ni siku 208. Gawa saa zako hizo: karibu saa 19 kila usiku! Hakuna usiku wa hivyo Unguja. Gawa kwa siku 730, unapata zaidi ya saa 5 kila siku ya Mungu, Ramadhani na Idi zote zimo. Njia ya mwongo fupi.

Taa nyingi za namna hiyo hutengenezwa zidumu saa 3,000 hadi 5,000. Umeandika mwenyewe kwamba kitaa chekundu kilikuwa kikiwaka wiki tatu na feni "inavuma kama ndege". Kitaa kilikuonya, na feni ilivuma kwa sababu kichujio cha hewa kimeziba vumbi. Kweli, kuchomoa plagi ghafla si vyema, maana feni husimama taa ingali ya moto, nayo huhitaji dakika moja au mbili za kupoa. Lakini taa hiyo ilikuwa inakwisha, mkeo kaikuta ukingoni. Humdai kitu.

Nunua taa pamoja na kikasha chake kinachoishikilia ndani ya mashine. Iache mashine saa nzima ipoe, plagi ikiwa nje, ndipo ulegeze skrubu. Kioo cha taa usikiguse kwa vidole, mafuta ya mkono hukipasua kikipata moto. Kisha rudisha hesabu ya saa kwenye sifuri kwenye menyu, na kichujio ukisafishe kila mwezi.

Tuje kwenye plagi yenyewe. Unaandika: "Aliniita mara mbili, sikusikia." Utasikiaje, na sabufa umeiweka chini, pembeni mwa ukuta? Pembe huzidisha mdundo. Sauti nzito ya hezi 40 ina wimbi la zaidi ya mita 8, mlango wa chumba haiujui. Mtoto wa miezi minne yuko upande wa pili, mama yake hajalala tangu ajifungue. Huo si wivu, ni usingizi. Itoe pembeni, iweke juu ya kipande cha godoro, na ikifika saa nne usiku izime kabisa, uvae hedifoni.

Na eti hapendi filamu! Mistari minne mbele unalalamika kwamba anatazama tamthilia za Kituruki kwenye simu. Basi hadithi anazipenda, ni wewe umemchosha. Ulimwanzishia mfululizo wa filamu za Star Wars na ile ya 1999 kwa kuwa inaitwa sehemu ya kwanza, halafu ukamcheka kila alipouliza. Siri ya baba na mwana inafichuliwa katika ile ya 1980. Ukianza na hizo za 1999 na kuendelea, umeshaitoboa. Mtu huanza na ya 1977, kisha 1980 na 1983, ndipo arudi 1999, 2002 na 2005.

Ndoa za siku hizi zinaliwa na vioo. Zamani Mji Mkongwe watu walikwenda sinema, Majestic au Cine Afrique, wote wanatazama kitambaa kimoja, taa zikiwashwa filamu imekwisha, kila mtu kwao. Sasa filamu haina mwisho, ya pili inajianzisha yenyewe, na mume na mke wako nyumba moja, kila mmoja na kioo chake.

Hilo shuka jeupe la kudarizi ulilotundika, ambalo unasema maua yake yanatokea kwenye nyuso za waigizaji, limetoka kwenye sanduku la nani? La mkeo, la harusi. Lifue, likunje, lirudishe. Ukutani paka rangi nyeupe isiyong'aa, yatosha.

Kisha nenda Wete, ukamwombe radhi mbele ya mama yake, na hesabu ya saa 3,912 uitaje mwenyewe kabla hajakuuliza. Akirudi, mwanzishie ya 1977 mtoto akiwa amelala. Akiuliza, isimamishe, umjibu.