Gari Nalo Lilipiwe Malazi? Wasomaji Wauliza Kuhusu Ada za Maegesho Katika Hoteli za Bustani za Burudani

SWALI: Mzee wetu wa safu hii, shikamoo. Sisi ni familia ya watu sita tunaoishi Atlanta. Wakati wa likizo ya shule tuliendesha gari karibu kilomita 700 hadi Florida, ili watoto wakaone bustani za burudani ambazo wamekuwa wakizililia miaka yote. Tulikwenda kwa gari kwa sababu tiketi sita za ndege zingetushinda, na pia kwa sababu tunasafiri na sufuria ya umeme ya kupikia wali, kiroba cha mchele, na mama mkwe wangu ambaye magoti yake hayamruhusu kusimama vituoni kungoja basi. Chumba tulikilipia miezi mitatu kabla, na bei tuliyoiona siku hiyo ndiyo tuliyojibanabana kuipata. Asubuhi ya kuondoka, karatasi ya hesabu ilipopenyezwa chini ya mlango, mume wangu alikuta mstari mmoja umejirudia mara nne: maegesho, dola 30. Kijana wa mapokezi alitueleza kwa adabu kwamba ndio utaratibu wao. Dola 120, kwetu sisi, ni chakula cha siku mbili. Je, hoteli ina haki ya kututoza kwa gari kulala mahali ambapo sisi wenyewe tumelipia kulala? Na je, wasafiri wenzetu wanalipa tu na kunyamaza?
*Mama wa watoto watatu, Atlanta*

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na swali lako la pili, kwa sababu jibu lake litakupunguzia uchungu: hawakunyamaza, na katika hoteli za Walt Disney World, eneo kubwa la bustani za burudani la kampuni ya Disney huko huko Florida, ada ya namna hii ilikuja ikaondolewa.

Kwa miaka mingi, mgeni aliyelala katika hoteli za Walt Disney World karibu na Orlando aliegesha gari lake bila kulipa chochote, tangu mahali hapo palipofunguliwa Oktoba 1971. Kisha, kwa kila aliyeweka nafasi ya chumba kuanzia tarehe 21 Machi 2018, ikaanza ada ya maegesho ya usiku: dola 13 katika hoteli za bei nafuu, dola 19 katika zile za daraja la kati, na dola 24 katika zile za daraja la juu, kodi ikiwamo. Aliyekaa usiku saba katika hoteli ya bei nafuu aliongezewa dola 91, na aliyekaa muda huo huo katika hoteli ya juu aliongezewa dola 168.

Utaona mara moja kilichowaudhi watu. Gari ni lile lile, nafasi iliyochorwa kwa rangi nyeupe ni ile ile, lakini malipo yalipanda kwa kufuata ubora wa chumba ambacho gari halikuingia. Wasafiri wengi walilisema hilo kwa uchungu kuliko walivyosema juu ya kiasi chenyewe, na mimi naona walikuwa na hoja. Mtu akikutoza kwa kitu alichokupa, unaweza kubishana naye juu ya bei. Akikutoza kwa kupima uwezo wako wa kulipa, unajiona umepekuliwa mfuko.

Hoja ya pili ilihusu ardhi. Katikati ya mji mkubwa kama New York au Chicago, nafasi ya gari ni adimu, jengo la maegesho la ghorofa hugharimu mamilioni kulijenga, na mgeni anajua hivyo kabla hajawasha gari. Mali ya Walt Disney World, hata hivyo, ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 100, na katika hoteli zake za bei nafuu maegesho ni uwanja wa lami ulio wazi chini ya jua, ambapo familia hukokota masanduku mwendo mrefu hadi kwenye chumba chao. Mzazi aliyetoka mbali, mtoto amemlalia begani, hawezi kuelezwa akaelewa kwamba uwanja huo sasa una bei ya usiku.

Sitakuwa mkweli nikikwambia kwamba wasafiri wote walikuwa upande mmoja. Waliofika kwa ndege na kutumia mabasi ya bure ya hoteli waliuliza swali la haki: kwa nini gharama ya uwanja wa magari iwe ndani ya bei ya chumba changu, mimi nisiye na gari? Wengine walikumbusha kwamba hoteli za Universal, washindani wa Disney hapo hapo Orlando, na hoteli za Disneyland, bustani nyingine ya Disney kule Anaheim, California, zilikuwa zinatoza maegesho kabla ya mwaka huo. Wapo pia waliosamehewa tangu mwanzo na kwa hiyo hawakuwa na la kulalamikia: wanachama wa mpango wa Disney wa umiliki wa likizo, ambao wamenunua pointi na huzitumia kulipia malazi, na wenye mahema na magari ya kulala kambini Fort Wilderness, ambao walibaki na nafasi ya gari moja kwa kila kiwanja.

Kilichowageuza hata wengi waliokuwa wakiitetea ada hiyo ni jambo lililofuata. Tangu 2005 palikuwa na basi la bure lililowachukua wageni kutoka uwanja wa ndege wa Orlando hadi mlangoni kwa hoteli zao, na kwa miaka mingi ya huduma hiyo hata mizigo ilipelekwa chumbani bila wao kuigusa. Huduma hiyo ilikoma mwanzoni mwa 2022. Familia iliyokuwa haina haja ya gari ikajikuta ama inalipia usafiri kutoka uwanja wa ndege, ama inakodi gari, na gari likishakodiwa lazima lilale mahali, na pa kulala pana ada. Umeondoa daraja, kisha unatoza nauli ya mtumbwi. Hapo malalamiko ya wenye magari na ya wasafiri wa ndege yakawa malalamiko ya aina moja.

Januari 2023, wiki chache tu baada ya Bob Iger kurudi kuiongoza kampuni ya Disney, ada ya maegesho ya usiku kwa wageni wa hoteli za Walt Disney World ilifutwa. Hatua hiyo ilitangazwa siku moja na nafuu nyingine ambazo wageni walikuwa wamezidai, kama vile kuwaruhusu wenye tiketi za mwaka kuingia katika siku nyingi bila kuweka nafasi baada ya saa nane mchana. Ada hiyo ilikuwa imedumu chini ya miaka mitano.

Sasa nirudi kwenye haki. Hoteli ina haki ya kutoza maegesho, mradi imekuambia kabla hujalipa. Tangu tarehe 12 Mei 2025 kuna kanuni ya Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani inayozitaka hoteli na tovuti zinazouza vyumba zionyeshe bei kamili tangu mwanzo, pamoja na kila ada ambayo mgeni hawezi kuikwepa. Maegesho yana mwanya hapo: kwa kuwa mtu anaweza kufika bila gari, hoteli inaruhusiwa kuyaacha nje ya jumla inayotangazwa. Hata hivyo, ada iliyoachwa nje ya jumla ni lazima itajwe, pamoja na kiasi chake na sababu yake, kabla mteja hajaombwa kutoa pesa. Kuitaja asubuhi ya kuondoka ni kuchelewa.

Kwa hiyo, tafuta barua pepe ya uthibitisho uliyopokea siku mliyolipia chumba, uisome hadi maandishi madogo ya mwisho. Ikiwa ada imeandikwa humo, basi iko halali hata kama inauma, na kilichobaki ni kumwandikia meneja kwa upole ukimweleza hali ya mama mkwe wako. Mameneja wana uwezo wa kupunguza, na wengi hupunguza wakiombwa vizuri kuliko wakifokewa. Ikiwa haimo, mwandikie meneja huyo huyo ukiambatanisha uthibitisho na karatasi ya hesabu, udai urudishiwe dola 120 zote. Wakikukatalia na mlilipa kwa kadi ya mkopo, unaweza kupinga malipo hayo kwa maandishi kwenye benki iliyokupa kadi. Sheria inakupa siku 60 tangu ulipotumiwa taarifa ya kwanza yenye malipo hayo, kwa hiyo usingoje likizo ijayo. Malalamiko pia hupokelewa na Tume hiyo ya Biashara na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo.

Safari nyingine, piga simu hotelini wewe mwenyewe hata kama umelipia kupitia tovuti ya watu wengine. Uliza ada ni kiasi gani kwa usiku na kama kodi imo, uliza kuhusu gari la pili ikiwa ndugu zenu watafuatana nanyi, na uliza kama ukitoka jioni kununua maziwa na kurudi utatozwa upya. Andika jina la aliyekujibu na saa.

SWALI: Mzee, mimi na mke wangu tunaishi Minneapolis na tumepanga kulala Animal Kingdom Lodge, mojawapo ya hoteli za Walt Disney World, kwa kuwa tumeambiwa kila kona ya hoteli hiyo ina jina la Kiswahili na tungependa watoto wetu waliozaliwa huku waone lugha yao imeandikwa ukutani. Tutafika kwa ndege. Je, tukodi gari? Na tukilikodi, tutalipia maegesho?
*Baba mzazi, Minneapolis*

JIBU: Mmechagua vyema, na mtayakuta mengi. Hoteli hiyo, iliyofunguliwa mwaka 2001, ina nyumba mbili zinazoitwa Jambo na Kidani, na migahawa inayoitwa Boma, Jiko na Sanaa. Waacheni watoto wayasome wenyewe, na mtoto atakapowauliza kwa nini mgahawa umeitwa Sanaa, mtakuwa na mazungumzo ya mlo mzima.

Kuhusu gari, jibu langu ni ndiyo, kodini. Hoteli hiyo iko mbali na nyingine. Haifikiwi na treni ya reli moja wala na vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, bali na mabasi peke yake. Kwa kuwa ada ya maegesho ya usiku imeondolewa, mkiegesha wenyewe hamtalipa kitu hotelini, na mgeni wa hoteli hizo halipii pia nafasi ya kawaida kwenye viwanja vya bustani zenyewe. Mtakachotozwa ni huduma ya kumkabidhi mtumishi ufunguo akakuegeshee gari, ambayo haikufutwa. Mkiona kijana mwenye sare anawasogelea mlangoni kwa tabasamu, mwulizeni kwanza yalipo maegesho ya kujiegeshea.

Nawatahadharisha juu ya kosa moja linalowapata wageni wengi. Kuwa ndani ya mipaka ya Disney si sawa na kuendeshwa na Disney. Hoteli za Swan na Dolphin, kwa mfano, zimo katikati ya eneo hilo, lakini ziko chini ya kampuni ya hoteli ya Marriott, na huko maegesho yanalipiwa. Mkibadilisha mawazo dakika ya mwisho kwa sababu mmeona chumba cha bei ya chini, ongezeni ada ya maegesho kwa kila usiku kabla ya kulinganisha, na hapo mtajua kama ile bei ya chini ni ya kweli.

SWALI: Kaka yangu anaishi Kissimmee, karibu na Orlando. Tukifikia hoteli ya Disney, naye akija jioni kula nasi, atalipishwa gari lake?
*Dada mtu, Toronto*

JIBU: Hatalipishwa akiegesha mwenyewe. Hata katika miaka ya ada, kuanzia 2018, waliotozwa ni wenye magari yanayolala. Aliyekuja kula na kuondoka hakuguswa. Ila wekeni nafasi ya meza mapema na mmwambie jina iliyoandikwa nalo, kwa sababu siku za sikukuu walinzi wa getini huwarudisha wasio na nafasi ya meza, hata anayesema kwamba dada yake yuko ndani anamngoja.